Sura ya Sita: Kumi na Saba Anajibu

Gari lililoandikiwa safari ya Malambo asubuhi ile halikuwepo. Halikuwa na dereva wala wageni, na hakuna mpishi aliyelipakia viazi. Liliandikwa tu, kwenye kompyuta ya Madam Judith, na aliyeliandika ni Inspekta Petronila Hhando wa upelelezi, polisi Karatu, kwa vidole viwili, huku koti lake la baridi ya Julai amelifunga hadi shingoni.

"Andika ni Wamarekani," Judith alimnong'oneza. "Wamarekani wana kamera nzuri."

Petronila akaandika Wamarekani. Akaongeza simu ya setilaiti, kwa sababu mwizi naye ni binadamu na ana tamaa zake. Kisha akaiweka ratiba ile mahali zilipokaa ratiba zote za Nyati Wekundu Safaris, katika folda moja ndani ya seva, ile kompyuta kubwa ya pembeni iliyotunza kazi za ofisi nzima.

"Hata Joel, fundi wenu, asijue," alisema.

"Hata Joel," Judith akakubali, akageuka kuhakikisha mlango umefungwa.

Alikuwa na haki ya kuogopa. Magari matatu ya kampuni yake yalikuwa yametekwa msimu huo, kwenye njia za porini kuelekea Malambo na Loliondo, na kila mara watekaji walikuwa wamelitangulia gari, wamekaa kivulini wanangoja kama watu waliopewa miadi. Mpishi mmoja alivunjwa taya. Zablon, dereva wa gari la kwanza, alikatwa panga la mkono na tangu siku hiyo alikuwa nyumbani, mkono shingoni, mtaa mzima ukimpa pole.

Mtaalamu wa kompyuta aliletwa kutoka Arusha. Alikaa kwenye seva, akanywa soda, akachapa karatasi. Karatasi ilisema kwamba jioni, kabla ya gari kuondoka, kulikuwa na mtu mmoja aliyeingia kuzisoma ratiba, na mtu huyo alijiandikisha kwa jina la ANGEL. Angel ndiye karani wa ratiba. Tangu jana alikuwa mahabusu, na mchana wa leo Land Rover ya polisi ingempeleka mahakamani Arusha. Mkuu wa kituo alimwambia Petronila waziwazi: gari likiondoka, jalada linaondoka nalo.

Petronila hakuridhika, na alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza: Angel ndiye aliyeziandika ratiba. Mpishi hafunui sufuria kujua alichopika. Ya pili ilikuwa ndogo, na mtaalamu aliicheka. Karatasi ilionyesha jioni za gari la pili na la tatu tu. Gari la kwanza, lile la Zablon, halikuwa na jioni yake.

"Mashine husahau, afande," mtaalamu alikuwa amesema.

Petronila hakuwahi kukutana na mashine inayosahau. Watu, ndiyo, tena kila siku.

*

Mlango wa mbele ulifunguliwa na kuingia chupa ya chai, kisha maandazi, kisha Boazi aliyevibeba. Boazi alikuwa na steshenari ya jirani, nyuma ya ua. Alichapa barua za watu na mitihani ya shule, alipiga picha za pasipoti, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Alimsalimia Petronila kwa Kiiraqw, wakaulizana habari za Kansay alikozaliwa Petronila na mvua zisizoeleweka, kisha akamgeukia Judith kwa Kiswahili.

"Dada Judith, usiku nimemwombea Angel. Yule binti hana ubaya. Leteni kikombe."

"Mungu akubariki, kaka Boazi."

"Na mjiandae, umeme wanakata tena leo. Jana nimehangaika na lile jenereta mpaka kiuno kinauma."

Akamimina chai, akaondoka na sinia lake. Ni watu wa namna hiyo wanaofanya mtaa ukalike. Petronila alikunywa chai yake yote, kisha akamwita Joel.

Joel alikuwa fundi wa kompyuta wa kampuni, kijana wa Arusha mwenye suruali pana na maneno mengi. Asubuhi hiyo maneno yalikuwa machache. Alijua vizuri kwamba baada ya Angel, anayefuata kuangaliwa kwa jicho kali ni yeye.

"Mtandao huu anautumia nani?" Petronila aliuliza.

"Sisi tu, afande. Mashine nne na seva."

"Mtu wa nje?"

"Hakuna mtu wa nje."

"Madam?"

"Sisi tu," Judith alisema, akimtazama usoni. Hakuwa anadanganya. Petronila alikuwa amehoji waongo wengi, na huyu hakuwa mmoja wao.

"Joel, kwenye begi lako kuna nini?"

Joel akalivuta begi karibu. "Laptop. Ni yangu, afande, niliinunua mkono wa pili pale Arusha, naapa."

"Iwashe. Fungua lile dirisha jeusi la amri, uandike *ipconfig*."

Joel alimtazama upya. Hakutegemea neno hilo kutoka kwa mama mwenye koti la sufu na viatu vya matope mekundu. Hakujua kwamba Jeshi la Polisi lilimpeleka Dar es Salaam kwa kozi, na kwamba mwalimu wao, mzee mmoja mkali, hakuwaruhusu kugusa mausi mpaka waweze kuiuliza mashine maswali kwa maandishi. "Picha zinapendeza," alikuwa akisema, "lakini dirisha jeusi ndilo linalotoa ushahidi."

Joel akaandika. Laptop ikajibu kwamba haina waya wala namba. Haikuwa imeunganishwa na chochote. Petronila akatikisa kichwa, na Joel akapumua.

"Sasa twende kwenye seva. Keti wewe, vidole vyangu vizito."

Seva ilikuwa pembeni mwa chumba, chini ya ramani ya kreta. Juu yake palikuwa na kisanduku chenye taa za kijani zinazopepesa, ambamo nyaya zote za ofisi zilikutana. Joel alikiita habu. Waya mmoja wa buluu ulitoka humo na kupanda moja kwa moja hadi darini.

"Ule unakwenda wapi?"

"Kwenye dishi la intaneti, nadhani. Nimeukuta. Mimi nimeajiriwa Januari."

"Unadhani," Petronila alisema, na akaliacha hapo kwanza.

Joel akaandika *ipconfig* kwenye seva, na seva ikajitambulisha: 192.168.0.1. Kwenye mtandao kila mashine ina namba yake kama nyumba za mtaa. Mwanzo wa namba ni uleule kwa wote, na kinachomtofautisha huyu na yule ni tarakimu za mwisho. Kwa hiyo seva ilikuwa Moja. Ya Judith ilikuwa Mbili, ya Angel Tatu, ya kaunta Nne, ya Joel ya mezani Tano.

"Waite mmoja mmoja," Petronila alisema.

Neno la kuita ni *ping*. Unaandika neno, unaandika namba, na mashine yenye namba hiyo, kama iko hai, inaitika. Joel aliita Mbili, ikaitika. Aliita Tatu, kimya, na ilikuwa sawa, maana kompyuta ya Angel ilikuwa kituoni ndani ya mfuko wa plastiki wenye lakiri ya polisi. Nne ikaitika. Tano ikaitika.

"Umeona, afande? Ni sisi tu."

"Hao ni wale uliowaita kwa majina. Mimi nataka wale ambao hukuwaita. Andika *arp -a*."

Hiyo ni amri ya kuiuliza seva: umeongea na nani hivi karibuni? Orodha ikashuka. Mbili. Nne. Tano.

Kumi na saba.

Joel akasogeza uso karibu na kioo mpaka pua ikakaribia kugusa. "Kumi na saba ni nani?"

"Mwite."

*Ping 192.168.0.17.* Kumi na saba akaitika. Akaitika mara nne, haraka, bila wasiwasi, kama mtu aliyeketi kwake.

Petronila alikuwa amengoja kitu kama hiki tangu karatasi ya mtaalamu ilipotua mezani kwake, na sasa kilikuwa mbele yake, kinaitika. Alijizuia kwa nguvu.

"Soma muda wa jibu."

"Chini ya milisekunde moja."

"Sasa mwite mtu wa nje. Tovuti yoyote, kupitia dishi."

Joel akaita. Jibu lilikuja likijikokota: milisekunde mia sita na kitu. Kulikuwa na safari ndefu ya kwenda kwenye setilaiti na kurudi.

"Kwa hiyo?" Judith aliuliza kutoka nyuma yao. Alikuwa amesimama bila kujijua.

"Kwa hiyo huyu hayuko Arusha wala Nairobi," Petronila alisema. "Angekuwa mbali angechelewa kama yule. Huyu yuko kwenye waya wetu. Yuko hapahapa."

Judith alitazama mlangoni, akatazama chini ya meza ya kaunta.

"*Netstat -n*," Petronila alisema, na sauti ilikuwa imepanda. "Tuone nani ameshikana na seva saa hii."

Mistari ikajipanga. Kwenye mmoja wapo kulikuwa na kumi na saba, na mbele yake neno moja linalosema mlango uko wazi na watu wanaongea.

"Yuko kwenye mafaili," Joel alisema. "Afande, yuko kwenye mafaili!"

"*Net session*. Tumjue kwa jina."

Joel akaandika, akabonyeza, kisha akarudi nyuma na kiti chake kama aliyemwagiwa maji. Dirisha jeusi lilikuwa limeandika kwamba mgeni wa namba kumi na saba anaitwa ANGEL. Na pembeni, pale panapoonyesha amekaa muda gani bila kugusa kitu, palikuwa na sifuri. Alikuwa anagusa sasa hivi.

Petronila alishatoa simu. "Konstebo Metui? Angel yuko wapi?"

"Yuko hapa mbele yangu, afande. Anakula maharage."

"Ana kompyuta?"

Konstebo Metui alifikiri swali lile kwa heshima zote. "Afande, hana hata viatu. Tulimvua jana."

"Asipande gari mpaka nifike."

Kukawa na minong'ono, kisha ikaja sauti nyingine, nene. Mkuu wa kituo. Petronila alimweleza mbio mbio. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba jina ni jina, kwamba Angel anaweza kumpa mwenzake nenosiri, na kwamba dereva wa Arusha ameshaweka mafuta.

"Niletee mtu, Petronila. Usiniletee namba." Akakata.

Alikuwa na kiburi, lakini hakukosea, na hilo ndilo lililomuudhi Petronila zaidi.

"*Net file*," alimwambia Joel. "Anasoma nini?"

Mstari mmoja tu. RATIBA, na chini yake, MALAMBO.

Judith aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Joel hakuelewa. "Malambo? Hatuna gari la Malambo leo."

"Hatuna," Petronila alisema. "Na anayelijua hilo ni mimi na Madam tu. Yeye anadhani lipo."

Joel aliruka kuelekea kwenye habu. "Nachomoa waya mmoja mmoja! Tukimchomoa yeye, tutaona!"

"Usiguse!" Petronila alimdaka mkono. "Ukimkata atajua. Atanyanyuka, atafuta, atatembea zake. Nataka akae palepale alipo. Mwite bila kukoma, tumtazame."

Joel akaandika *ping -t*, ile isiyochoka. Majibu yakaanza kushuka moja baada ya jingine. Yupo. Yupo. Yupo. Watu watatu walisimama wakikodolea macho maandishi meupe kana kwamba wanatazama fainali ya mpira.

Na hapo hapo umeme ukakatika.

*

Taa zilizimika, kompyuta ya Judith ikafa, ya kaunta ikafa, redio ya gesti ya ng'ambo ikakatwa katikati ya kwaya. Joel alitukana kwa Kimeru. Lakini seva haikuzimika, wala habu. Chini ya meza kulikuwa na UPS, betri nzito ya kuziokoa mashine umeme unapokatika, na ilianza kulia: piip, piip.

"Itakaa muda gani?"

"Si mpya, afande. Dakika chache."

Kwenye dirisha jeusi maneno yalikuwa yamebadilika. *Request timed out.* Hakuna jibu. Hakuna jibu. Kumi na saba alikuwa amezimika pamoja na mtaa mzima.

"Tumempoteza," Joel alisema, na machozi yalikuwa karibu. Yeye na Angel walikula chakula cha mchana pamoja kila siku.

Lakini Petronila alikuwa ameinua kidole. "Amezimika pamoja na sisi. Kwa hiyo hana betri, anatumia umeme wa Karatu. Sasa nyamazeni. Atarudi kwa jenereta, au hatarudi. Joel, macho yako kwenye kioo. Madam, lete masikio. Wewe unakaa hapa miaka mingi. Kila jenereta likiwaka, niambie ni la nani."

Judith alifumba macho. Karatu umeme ukikatika, watu hawahitaji kuambiwa nani amewasha nini. Majenereta hujulikana kwa sauti, kama mama anavyojua mtoto yupi amekohoa.

La kwanza lilinguruma kwa kishindo. "Hoteli ya barabarani," Judith alisema.

"Hakuna jibu," alisema Joel.

La pili lilikuwa na mluzi ndani yake. "Bucha. Wana friza."

"Hakuna."

Piip, piip, piip. UPS iliharakisha.

Mbali kidogo likawaka jingine, likatulia vizuri. "Kituo cha mafuta."

Wakangoja. Petronila alihesabu pumzi zake. "Joel?"

"Hakuna. Hakuna. Hakuna."

Kisha, karibu sana, nyuma ya ua, kamba ilivutwa. Kitu kikakohoa, kikafa. Ikavutwa tena. Kikakohoa, kikapata moto, kikaanza kutetemeka kwa hasira, tatatatata, mpaka vioo vya dirisha vikaitikia.

Judith alikunja uso bila kufumbua macho. "Hilo ni la Boazi. Linaninyima usingizi kila..."

Hakumaliza. Alifumbua macho. Kompyuta huhitaji muda kuamka. Petronila alijua hilo, Joel alijua hilo, na wote wawili walisimama wakiuomba muda ule upite na UPS isife. Piip-piip-piip-piip.

"Hakuna," Joel alisema. "Hakuna. Hakuna... Ameitika! Afande, ameitika! Yupo!"

Kumi na saba alikuwa amerudi. Akaitika mara moja, mara mbili, mara tatu. Nyuma ya ua jenereta likakwama kooni, likapiga chafya, likazimika.

*Request timed out.*

Palepale. Sauti na jibu vilikatika kwa pamoja, kama vimekatwa kwa kisu kimoja. Joel alimgeukia Petronila akiwa amefungua mdomo wazi. UPS ikatoa mlio mmoja mrefu, na seva nayo ikalala. Haikuwa na kazi tena.

"Madam," Petronila alisema polepole, "Boazi ana kompyuta?"

"Ile yetu ya zamani. Tuliponunua mpya mwaka jana nikaona itakaa bure, tukampa."

"Ilikuwa ya nani?"

Judith aliketi. "Ya Angel."

"Na waya?"

"Alikuja akasema ana kompyuta lakini hana mtandao, na sisi unatubaki. Nikamwambia avute." Sauti yake ilikuwa inapotea. "Afande, uliuliza mtu wa nje. Boazi si mtu wa nje. Ni jirani. Jirani akija kuomba moto unampa, hata hukumbuki kwamba umempa."

Petronila hakumlaumu. Kansay, mama yake angefanya vilevile na angejibu vilevile, tena angemshangaa polisi anayeuliza. Joel alikuwa ananyooshea kidole waya wa buluu unaopanda darini.

"Dishi lina waya mweusi mnene," alisema. "Mimi mjinga. Mimi mjinga kabisa."

"Utajitukana baadaye. Mpigie Metui aje na gari, asipige king'ora."

*

Walitokea mlango wa nyuma. Mashuka ya mahema yalikuwa yameanikwa uani, safu kwa safu, meupe, na kwenye kamba ya nguo, umefungwa kwa vipande vya kanga kuukuu, waya wa buluu ulisafiri pamoja nayo hadi kwenye ua wa minyaa, ukapenya, ukaingia chini ya bati la steshenari. Watu wa kampuni walikuwa wameanika mashuka chini ya waya ule kwa mwaka mzima.

Boazi alikuwa nje amepiga magoti mbele ya jenereta, mikono imejaa oili. Alipomwona Petronila alitabasamu, kisha tabasamu likakosa pa kukaa.

"Inspekta? Chai ilikwisha?"

"Ndani kuna nani, Boazi?"

"Hakuna mtu. Zablon tu, yule mgonjwa. Huwa anakuja kujipumzisha, anasoma habari. Tangu alipokuja kuchapa barua ya likizo yake hapa, namwachia kiti. Atafanya nini na mkono ule?"

Petronila alisimama. Gari la kwanza halikuwa na jioni yake kwenye karatasi. Bila shaka halikuwa nayo. Dereva hahitaji kuingia kwenye seva kusoma ratiba aliyokabidhiwa mkononi. Ilikuwa wazi tangu mwanzo.

"Vuta kamba," alimwambia Boazi. "Washa."

Boazi akavuta. Jenereta likawaka, na chini ya kelele zake Petronila akapita mlangoni bila kusikika.

Zablon aliupa mlango mgongo. Kitambaa cha kuning'inizia mkono kilikuwa kimelegea shingoni kama skafu, na mkono uliokatwa panga ulikuwa umeshika simu sikioni, mzima, na kovu dogo karibu na kiwiko. Mbele yake kompyuta kuukuu ilikuwa inaamka. Kioo kilileta kisanduku chenye jina lililokwisha andikwa, Angel, na nenosiri lake likiwa limehifadhiwa chini yake, na Zablon akabonyeza kitufe kimoja bila hata kutazama, kwa mazoea.

"Sikia basi, hapa kuna kelele," alikuwa anapaza sauti kwenye simu. "Malambo. Wamarekani. Wana simu ile ya setilaiti, hiyo mniwekee mimi. Tokeni Mto wa Mbu saa hii, mtawahi."

"Hawatawahi," Petronila alisema.

Zablon aligeuka. Simu ilishuka. Jambo la kwanza alilofanya, na Petronila hakulisahau, ni kurudisha mkono ndani ya kitambaa na kukunja uso kwa maumivu.

"Pole na mkono, Zablon."

"Afande, nilikuwa naongea na shemeji yangu, kuna wageni wake..."

"Wa Malambo?"

"Ndiyo. Wa Malambo."

"Gari hilo halipo. Nimeliandika mimi asubuhi. Hata ile simu ya setilaiti niliongeza kwa ajili yako."

Kutoka kwenye simu mezani sauti ndogo iliendelea kuita, haloo, haloo, wewe Zablon. Petronila aliichukua na kuisikiliza kidogo, akaitambua, na hapo alifurahi waziwazi, maana mwenye sauti ile alikuwa na biashara ya vipuri Mto wa Mbu na alikuwa amewahi kumwapia kwamba hajui hata njia ya Loliondo. Aliikata. Nje breki za gari la Metui zilikwaruza changarawe. Boazi alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake ya oili mbali na nguo, akimtazama mgonjwa wake.

"Nilikuletea uji hapo ulipokaa," alisema Boazi.

*

Land Rover ya Arusha ilikuwa imeshawashwa. Angel alikuwa ameketi nyuma kati ya askari wawili, pekupeku, macho yamevimba. Mkuu wa kituo alitoka ofisini, akamtazama Zablon akishushwa na Metui, akatazama simu aliyopewa na namba ya mwisho iliyopigwa. Alisikiliza maelezo ya Petronila, safari hii bila kukatiza.

"Mshusheni," alisema hatimaye. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkuu na lazima aseme kitu kingine, akaongeza, "Na mpeni viatu vyake."

Angel alishuka. Hakuelewa mpaka alipomwona Zablon anasukumwa kwenye nafasi aliyoiacha yeye, ambayo ilikuwa bado ina joto.

"Zablon?" Alimgeukia Petronila. "Huyu nimempikia mtori, afande. Kila Jumapili tangu alipoumia. Nilimlisha kwa kijiko kwa sababu alisema mkono haunyanyuki."

Kisha akalia, na Judith aliyekuja mbio na kandambili zisizofanana alimkumbatia, akalia naye, akimwomba radhi kwa waya, kwa kompyuta, kwa chai aliyokunywa wakati mwenzake yuko ndani. Joel alijifanya anaangalia tairi.

Walitaka kumpeleka nyumbani akaoge. Angel alikataa. Alisema ataoga, lakini kwanza anakwenda ofisini.

Umeme ulikuwa umerudi na seva imeamka. Joel alikuwa ameshaung'oa waya wa buluu kwenye habu, umelala sakafuni kwa urefu wake. Angel hakuketi. Alisimama nyuma ya kiti, kwenye kandambili zake, nywele hazijachanwa, akanyoosha kidole kwenye dirisha jeusi.

"Niulizie kama mimi nimo humo."

Joel alimtazama Petronila, na Petronila akakubali kwa kichwa. *Net session.* Mashine ikafikiri kidogo, ikajibu kwamba orodha ni tupu. Hakuna Angel. Hakuna yeyote.

Angel alisoma mstari ule, midomo ikimchezacheza.

"Rudia," alisema.

Joel akarudia.